Kabla ya Kuwapeleka Wanafunzi Sanje



Juma lililopita tulitangulia peke yetu hadi Mang'ula, chini ya Milima ya Udzungwa, kuikagua njia tutakayowapitisha wanafunzi wetu mwezi Juni. Basi lilikata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kisha Kidatu yenye mashamba ya miwa, na joto lililotufanya tujutie viatu vipya.

Asubuhi tulipanda na mwongozaji kuelekea maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka mita zipatazo 170. Njiani alitusimulia habari za tumbili wa Sanje, waliotambuliwa na wataalamu mwaka 1979 na wasiopatikana popote nje ya milima hii. Hao hatukubahatika kuwaona.

Katika daftari letu, mbele ya neno Sanje, tulikuwa tumeandika: "kuogelea, saa moja." Masika yalikuwa hayajakauka miambani. Tuliteleza kando ya bwawa, naye akatudaka mkono.

"Padre, kati ya watoto wako, wangapi wanajua kuogelea?"

Hatukuwa na jibu. Watoto 38, na fomu zao zote zimetiwa sahihi. Wazazi wengine walitia sahihi wakiwa wamesimama mlangoni mwa kanisa, bila kusoma, kwa kuwa aliyewaomba ni paroko wao. Nasi tulifurahi kwamba kazi imekwisha upesi!

Kuogelea tumekufuta. Fomu zile tumezichana. Wazazi, tunawaomba mbaki baada ya Misa ya pili Jumapili, tuisome mpya pamoja.