Miaka Thelathini na Minne ya Kuhesabu Vizazi

Sisi tuishio kwa mshahara tumezoea kuipima kazi kwa mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu maisha ya Richard Lenski, mtaalamu wa Marekani, hunifikirisha mno.

Tarehe 24 Februari 1988, katika Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Lenski alitia bakteria wa asili moja katika chupa 12. Walikuwa ni wale waitwao Escherichia coli, ambao jamaa zao huishi matumboni mwetu. Akawapa sukari kidogo. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan pamoja na chupa zake. Desturi ikawa kwamba kila siku sehemu moja katika mia ya kila chupa huhamishiwa katika chakula kipya, na kwa mwendo huo vizazi sita na zaidi hupita kwa siku. Kila baada ya vizazi 500 baadhi yao hugandishwa, ili wahenga waweze kufufuliwa na kushindanishwa na vitukuu vyao.

Vitukuu walishinda. Bakteria anaponakili jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, hutokea makosa madogo madogo. Mengi hayana faida, lakini lile lifaalo huenea. Baada ya vizazi zaidi ya 30,000, chupa moja tu kati ya zile 12 ilitoa bakteria walioweza kula sitreti penye hewa ya oksijeni, jambo lililowashinda wahenga wao. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2008.

Mimi ni mzazi, na somo hili nalipeleka nyumbani. Ikiwa vijidudu hubadilika hivyo kwa ajili ya chakula tu, vitashindwaje kubadilika mbele ya dawa? Wako wanunuao vidonge vichache vya rangi mbili bila cheti cha daktari, na wako wampao mtoto mabaki ya mgonjwa wa jana. Dawa huua vijidudu dhaifu. Vyenye kinga husalia na kuzaana. Kesho dawa ile ile haimfai mtoto wa jirani.

Mwaka 2022 Lenski alimkabidhi kazi hiyo Jeffrey Barrick wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, aliyepata kufanya kazi katika maabara yake. Hesabu ya vizazi ikaendelea. Ndugu msomaji, nguvu za dawa nazo ni amana ya namna hiyo. Sisi tumezikuta, hatuna budi kuwakabidhi watoto wetu zingali na makali.