Kaskazini Imehama

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Huko Sugoi, mwendo mfupi wa matatu kutoka mjini Eldoret, kijana mmoja aliisadiki methali hiyo kwa siku mbili nzima. Alikuwa likizoni kutoka chuo cha urubani jijini Nairobi, na mwalimu wake alimtaka arudi na mpango kamili wa safari ya ndege kutoka Eldoret hadi Lodwar. Mjomba wake, rubani mstaafu wa ndege ndogo, alikuwa amempa sidii yenye programu ya kupangia safari, ya miaka ya 1990. Mezani palikuwa na kipakatalishi kipya, kilichonunuliwa na mamake kwa fedha za mahindi ya msimu mzima.

Kipakatalishi kikaikataa sidii. Kisakinishi cha programu hiyo kiliandikwa kwa mfumo wa biti 16, ilhali Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za aina hiyo. Kijana akachagua hali ya upatanifu, ili mashine ijifanye ya zamani. Haikufua dafu. Kujifanya huko huihadaa programu kuhusu umri wa mfumo, lakini hakuurudishi uwezo uliokwisha kuondolewa.

Usiku wa pili aliunda mashine pepe, yaani tarakilishi ya kufikirika ndani ya tarakilishi halisi. Humo alisakinisha Windows XP ya mwaka 2001 kutoka katika diski nyingine ya mjomba, kisha akairudia programu. Ikafunguka! Alipoandika majina ya viwanja viwili, mstari mnyoofu ulichorwa kuelekea kaskazini: takriban kilomita 300, pamoja na muda na mafuta yanayohitajika. Mama alisimama mlangoni akitabasamu, kana kwamba mahindi yake yamechipuka upya.

Asubuhi mjomba alifika, akautazama mstari ule kwa muda mrefu.

"Mpwa wangu, mstari huu unapita wapi?"

"Juu ya Cherangani, mjomba."

"Na ndege yenu ndogo ya mafunzo itapanda vipi?"

Kijana alinyamaza. Uwanja wa Eldoret wenyewe uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na ndege yenye injini dhaifu hupanda kwa taabu. Mbele yake kuna vilele vinavyozidi mita 3,300. Mjomba akachora kwa kalamu njia ndefu kidogo, ya kuzunguka magharibi kupitia Kitale na Kapenguria, kisha kuteremka kuelekea Turkana.

"Milima haijahama," alisema, "lakini kaskazini ya dira imehama tangu programu hii iandikwe. Huenda hata vituo vya redio vilivyomo humu vimezimwa. Taarifa za anga husahihishwa kila siku 28. Wewe unazo za miaka mingapi?"

Hapo ndipo ilipobainika kuwa kufunguka si kufaa. Mwanafunzi wa fasihi analifahamu jambo hili. Anayeuhamisha utenzi wa kale kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi huweza kuzisoma herufi zote, na bado maana ikampiga chenga, kwa kuwa maneno nayo yamehama. Hati hiyo haitupwi kwa sababu hiyo. Husomwa pamoja na kamusi, na pamoja na wazee.

Kijana naye hakuitupa sidii. Aliiachia programu kazi ya hesabu pekee, ambayo haizeeki. Pembe, masafa na vituo alivitoa katika ramani mpya, akavipima kwa rula, mjomba akikagua kila hatua.

Jioni mama aliuliza, "Kwa hiyo ile kitu imefanya kazi?"

"Imefunguka, mama," alijibu. "Kazi tumeifanya sisi."