Juma la Jua na Mvua Katika Kaloleni ya Kisumu

Kaloleni ni mtaa wa zamani katika mji wa Kisumu, usio mbali na ufuo wa Ziwa Viktoria. Mgeni afikaye huko mwezi wa Aprili hustaajabu kuwaona watu wakienda kazini asubuhi, chini ya jua kali, hali wamechukua miavuli. Jioni hustaajabu zaidi, maana yeye hulowa na wao hawalowi.

Mji huo upo mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Ghuba ya Winam huishia upande wa mashariki. Kaskazini-mashariki yake husimama milima ya Nandi, na mashariki umetandazwa uwanda wa Kano, unaoelekea nchi ya juu ya Kericho. Siri ya hali ya hewa ya Kaloleni imo katika vitu hivyo viwili: ziwa na milima.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huingia kushika mahali pake. Upepo huo hupita juu ya mapaa ya mabati, ukavuka Kano, hata ukakutana milimani na upepo utokao mashariki. Zikikutana pepo hizo mbili, hewa hupanda juu sana, mawingu meusi hujijenga, na ngurumo huanza. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kurudi upande wa ziwa, nayo hufika mjini alasiri au jioni pamoja na radi, na pengine mvua ya mawe.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mtu wa Kaloleni huuliza kwanza, mawingu hayo yako upande gani? Yakiwa juu ya Nandi saa tisa, huanua nguo zake.

Hata hivyo, siku hazifanani. Katika juma moja la masika, Jumatatu yaweza kuwa kavu. Jumanne mvua ikanyesha saa kumi na kukoma saa kumi na moja. Jumatano wingu zito likapita kando, mtaa mmoja ukapata maji na mtaa wa jirani ukabaki na vumbi. Mama aliyeanika dagaa, ambao huko huitwa omena, ajua gharama ya kukosea. Dagaa walionyeshewa huharibika, na bei yao hushuka mpaka wakauzwa kuwa chakula cha kuku.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yakabaki na joto, na pepo za nchi kavu huvuma kuelekea ziwani. Hapo dhoruba huzaliwa juu ya maji, hasa kabla ya mapambazuko, wakati wavuvi wa omena wako mbali na taa zao. Nyota za jioni si ahadi ya alfajiri njema. Mvuvi mwenye busara havai ushujaa, bali huvaa jaketi okozi.

Mkulima naye ana mashaka yake. Mvua kubwa ya siku moja isiyofuatwa na nyingine huweza kuotesha mbegu na kuiua. Tena, mvua iliyonyesha milimani hushuka kwa mto Nyando na kuifurika Kano, hata kama Kano yenyewe haikupata tone. Mvua nyingi zilizoanza mwaka 1961 ziliinua ziwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964. Miaka ya 2020 na 2024 maji yalipanda tena, na watu wengi wa pwani ya ziwa walihama makwao.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa siku saba. Utabiri huo husema habari za nchi pana, wala hauwezi kutaja kila mtaa na saa yake. Basi ufaao ni kuunganisha mawili: kusikiliza redio asubuhi, na kutazama milima alasiri. Afanyaye hivyo hawezi kuizuia mvua, lakini mvua haitamkuta dagaa wake wangali uani, wala mashua yake mbali na ufuo.