Safari ya Newala

Msomaji wangu, ukiulizwa kwenu ni wapi, yamkini jibu lake hulitafuti. Li tayari katika ncha ya ulimi wako. Mimi katika ujana wangu nalikuwa na majibu mawili. Shuleni nalikuwa Mdigo, kwa jina la ukoo ambalo jirani mwema alituazima ili nipate kuandikishwa. Nyumbani, mlango ukisha kufungwa na taa kuwashwa, nalikuwa Mmakonde.

Sharti nikueleze sababu ya jambo hili, maana wewe huenda ukadhani lilikuwa ni udanganyifu mtupu. Babu yangu alitoka Msumbiji zamani za utawala wa Wareno, ambao waliwalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi za shokoa. Tangu miaka ya 1930 Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma wakatafuta riziki kaskazini, na baadhi yao wakafika Kwale kukata mkonge na miwa. Uhuru wa Kenya wa mwaka 1963 uliwakuta wameinama mashambani na panga mkononi. Bendera ikapandishwa, nao wakashangilia pamoja na wengine. Lakini katika daftari la raia hawakuandikwa. Wakazaa watoto, watoto wakazaa sisi, na sote tukarithi kutokuwamo.

Asiye na kitambulisho, msomaji, hufungiwa milango ambayo mwenye nacho hajui hata kama ina makomeo. Nilimaliza shule ya sekondari mwaka 2011 na alama zilizotosha kunipeleka chuo cha ualimu, nikakaa miaka mitano na zaidi nikibeba mawe ya kujengea. Hata laini ya simu niliandikishiwa na mtu mwingine. Kisha, Oktoba 2016, wazee wetu na vijana walitoka Kwale wakaandamana kwenda Nairobi kumwona Rais, na mapema mwaka 2017 Serikali ikaanza kutupa vitambulisho, nasi tukatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka huo huo nikaingia chuoni, mwanafunzi mwenye ndevu miongoni mwa vijana waliotoka shule juzi.

Katika likizo ya Desemba 2018 nikaazimia kwenda kuitafuta nchi ya babu yangu. Fedha nalizipata kwa kufundisha watoto wa watu jioni. Nalikuwa na pasipoti mpya mfukoni, nami nakiri kwamba pale mpakani Horohoro niliitoa kabla ya kuulizwa. Kutoka Tanga hata Dar es Salaam, kisha kusini, tukavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, ambalo urefu wake wakaribia kilomita 1, tukapita Lindi hata Mtwara. Sitakuchosha kwa habari za mabasi. Vumbi la basi moja ni ndugu wa vumbi la jingine. Lakini ulipofika wakati wa kupanda uwanda wa juu wa Makonde kuelekea Newala, moyo wangu uliniruka. Kulia mikorosho, kushoto mikorosho, na wanawake wakitembea na ndoo vichwani, maana juu kule maji ni ya shida tangu kale.

Pengine utauliza kwa nini watu wachague kukaa mbali na maji. Wamakonde wana hadithi yao. Husimulia kwamba mtu wa kwanza alikaa peke yake, akachonga sanamu ya mwanamke kwa gogo, na ile sanamu ikawa mwanamke kweli. Wakazaa karibu na mto, mtoto akafa. Wakasogea juu kidogo, wa pili akafa. Wakapanda hata uwandani, na wa tatu akaishi. Nalikuwa nimeisikia hadithi hii mara nyingi kwa bibi yangu, mzaa mama, nami nikaidhania porojo ya kubembelezea watoto.

Hapa sina budi kukuambia neno juu ya bibi. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda, na katika usichana wake alitobolewa mdomo wa juu akatiwa ndona, kama walivyofanyiwa wanawake wa kwao. Ndona yenyewe aliiacha zamani, ila tundu lilibaki. Siku moja, nilipokuwa darasa la tano, alikuja shuleni kuniletea chakula. Watoto wakamcheka. Mmoja akaniuliza, "Huyo ni nani wako?" Nikajibu, "Ni mwanamke anayetuuzia kuni." Alisikia. Aliliweka bakuli juu ya jiwe akaenda zake, na jioni alinipakulia ugali kama siku zote. Hakulitaja neno lile kamwe, wala mimi sikulitaja.

Basi nilifika Newala. Mfanyabiashara wa korosho niliyeketi naye basini alinipeleka kwa mjomba wake, mzee aliyesifiwa kwa kujua koo. Nikaamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu, karibu." Nikamtolea karatasi niliyoandika chuoni kwa hati nzuri: jina la babu yangu, jina la baba yake, na jina la kijiji chao. Mzee alisikiliza kwa adabu hata nikamaliza, kisha akauliza, "Na mama wa mama yako ni wa ukoo gani?"

Sikujua. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mimi nalikuwa nimesafiri siku nne nikiwa nimebeba upande usioulizwa.

"Kwa sauti yako nyinyi ni Wamavia, watu wa ng'ambo," akasema. Kwale niliitwa Mmakonde. Huku kwa Wamakonde nikapewa jina jingine. Nikamwambia kwamba bibi yangu yu hai. Akastaajabu. "Yu hai, nawe waja kuniuliza mimi?"

Tukampigia simu. Mwanzo mzee alisema naye polepole, kwa sauti ya mtu anayemhoji mgeni. Punde akacheka. Kisha akanyamaza kitambo kirefu, akamwita dada. Lahaja zao zilitofautiana kidogo, lakini walielewana zaidi nilivyowaelewa mimi, ambaye nilishika neno moja na kuacha mawili. Aliponirudishia simu alinitajia ukoo wangu, na jamaa wa ukoo huo waliokimbilia upande huu wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Jina lenyewe utaniwia radhi nisipoliandika. Ni la bibi, naye hajaniambia niligawe.

Nilitaka kuvuka. Mzee akanikataza. Tangu Oktoba 2017 watu wenye silaha walikuwa wakivishambulia vijiji vya Cabo Delgado, wakiua na kuchoma. Badala yake akanipeleka ukingoni mwa uwanda, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi huanguka ghafula na bonde lote la Ruvuma huonekana chini. Bibi alikuwa bado yumo simuni.

"Mto wauona?" akauliza.

Nikamwambia nauona kwa mbali, kama uzi.

"Na ng'ambo?"

"Miti, bibi. Vilima. Na moshi mahali pawili."

Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Moshi wa kupikia, au moshi wa nyumba?"

Nilitazama sana. Kwa umbali ule mtu hawezi kupambanua.

"Wa kupikia, bibi," nikasema.

"Haya, mjukuu wangu," akajibu. "Rudi nyumbani."