Fundi Anayeiogopa Zumaridi

Mteja akiniwekea zumaridi mezani, kijani chake sikitazami kwanza. Kijani hata yeye amekiona, ndicho kilichomtoa pesa. Mimi naligeuza jiwe upande, natia lenzi jichoni na kutafuta mipasuko inayofika juu ya uso. Hiyo ndiyo itakayoamua kama jiwe litakaa kidoleni au shingoni, litashikwa na makucha au litazungushiwa ukuta wa dhahabu, na kama nitakubali kazi yenyewe au la.

Mimi ni sonara wa Dar es Salaam, upande wa kupachika mawe. Wenzangu wanayeyusha na kumimina. Kwangu pete inafika tupu na jiwe lake likiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa. Kwa jinsi ninavyoiona kazi hii, zumaridi nyingi zilizoharibika hazikuharibikia mkononi mwa mvaaji. Ziliharibikia mezani kwa fundi aliyezichukulia sawa na mawe mengine.

Asili ya jiwe lenyewe inaeleza sababu. Zumaridi ni berili iliyopata rangi kutokana na kromiamu au vanadiamu. Lakini beriliamu inayojenga berili, na kromiamu inayoipaka kijani, kwa kawaida hukaa kwenye miamba tofauti kabisa. Ili zikutane, lazima mwamba mmoja uupenye mwingine kwa joto na vimiminika vikali. Ndivyo ilivyokuwa Kafubu, kule Zambia, na ndivyo ilivyokuwa kwetu karibu na Ziwa Manyara. Jiwe lililokulia kwenye purukushani ya namna hiyo halitoki safi. Hubeba vipande vya maika, vijishimo vyenye maji, na nyufa. Kwenye kipimo cha Mohs lina 7.5 hadi 8, kwa hiyo halikwaruziki kirahisi, lakini kutokwaruzika si kuvumilia kipigo. Ligonge pembeni mwa sinki la jikoni kwa nguvu kidogo, utaniletea vipande.

Nyufa hizo hujazwa mafuta. Ni desturi ya zamani sana, na zumaridi nyingi zilizoko sokoni zimepitia huko: mafuta ya mwerezi kwa kawaida, na siku hizi resini pia. Mafuta yakiingia kwenye ufa, mwanga hupita bila kukatika na ufa hufifia machoni. Sina ugomvi na mafuta. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayeapa kwamba jiwe lake halijaguswa, kisha anakuuzia kwa bei ya jiwe ambalo kweli halijaguswa. Mawe mawili ya kijani kilekile na uzito uleule yanaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu ya kiasi cha mafuta tu. Hati ya maabara inayoaminika, kama ya GIA, husema kama kujaza huko ni kidogo, ni kwa wastani au ni kwingi. Kwa jiwe kubwa la pete ya ndoa, lipia hati. Kwa vijiwe vya kuzungushia hereni, gharama ya hati italipita jiwe lenyewe, hapo unategemea macho ya fundi na uso wa muuzaji.

Kuna dada mmoja aliniletea pete ya urithi. Jiwe lilikuwa limepauka, na katikati kumetokea mistari myeupe inayosambaa.

"Fundi, mbona limezeeka ghafla?"

"Dada, pete hii ilipanuliwa lini?"

Ilipanuliwa mwezi uliotangulia, mahali fulani, akiwa anasubiri kwenye kiti. Fundi alikata mduara, akaongeza kipande cha dhahabu, akachomelea kwa moto wa gesi bila kulitoa jiwe. Halafu, ili pete ing'ae, akaitumbukiza kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo. Moto ulikausha mafuta, mtetemo ukakwangua yaliyobaki na huenda ukaongeza nyufa. Tulilitoa jiwe na kulipeleka kwa mtu anayetia mafuta upya. Lilirudi likiwa na hali bora kuliko lilivyokwenda, ingawa si lile la bibi yake. Moto huohuo almasi ingeuvumilia, na ndiyo maana mafundi wanajisahau.

Kwa hiyo ukitaka kutengenezewa pete ya zumaridi, anza na fundi kabla ya jiwe. Najua watu wengi wanafanya kinyume: wananunua jiwe Arusha au Lusaka, kisha wanatafuta mtu wa kulivalisha. Mwulize maswali ya kijinga. Pete ikibana baadaye, utaipanuaje? Anayejibu kwamba atalitoa jiwe kwanza, au atatumia leza mbali na jiwe, endelea naye. Anayesema "haina shida, dakika kumi tu," mshukuru uondoke. Mwulize pia nani hasa atapachika jiwe. Maduka mengi yenye vioo vizuri hayana fundi ndani. Kazi inatoka kwa bodaboda kwenda kwa mtu ambaye hutamwona. Hilo peke yake si kosa, ila una haki ya kujua mzigo wako unalala wapi. Na mwombe akuonyeshe pete ya zamani aliyoitengeneza ambayo imerudi kusafishwa. Pete mpya zote zinapendeza. Iliyovaliwa miaka ndiyo inayoonyesha kama makucha yake bado yamekaza.

Mkishapatana, nenda naye kwenye jiwe, au angalau nenda na vipimo vyake. Mimi nahangaika na milimita kuliko karati. Zumaridi ni nyepesi kuliko almasi, kwa hiyo ya karati moja huonekana kubwa kuliko almasi ya uzito huo. Tena wakataji wengi huacha tumbo kubwa chini ya jiwe ili uzito usipungue. Tumbo hilo unalilipia, halafu linajificha ndani ya pete na kuinua jiwe juu ya kidole, likigonga kila kitasa cha mlango. Kinyume chake ni jiwe lililokatwa bapa mno: ukilitazama usoni, katikati kuna dirisha, sehemu iliyopauka unayoweza kusomea gazeti. Yote mawili yakatae, hata kama kijani kinakusihi.

Usinunue chini ya taa za duka, wala usikubali tochi ya dalali ikupe uamuzi. Tochi ni ya kutafutia nyufa. Rangi itafutie kivulini, mchana, jiwe likiwa juu ya mgongo wa mkono wako mwenyewe. Zumaridi za Zambia, ambazo ndizo nyingi zinazopita kwangu, zina chuma ndani na huelekea kijani chenye ubuluu kidogo. Za Kolombia huwa na kijani cha moto zaidi. Dalali akikwambia moja ni halisi na nyingine si halisi kwa sababu hiyo, anakuuzia hadithi. Vilevile kuna kile kichujio cha Chelsea ambacho watu hukitoa mfukoni kama hirizi: zumaridi nyingi za Kolombia huonekana nyekundu ndani yake, za Zambia mara nyingi hubaki kijani, na zile zilizotengenezwa maabara nazo huwa nyekundu kweli. Mteja asiyejua hilo anaweza kutupa jiwe zuri la Zambia na kukumbatia la kiwandani.

Tangu serikali ilipoanzisha masoko ya madini mwaka 2019, kununua kwa mtu mwenye leseni na kupata risiti si kazi ngumu. Anayetaka mkutane hotelini ana sababu zake.

Wakati mwingine namshawishi mteja aachane na zumaridi kabisa. Mama anayepika, anayelea, anayefua kwa mkono, halafu anataka pete ya kuvaa kila siku: huyo namwonyesha ganeti ya kijani, ile iliyopewa jina la tsavoraiti mwaka 1974 kwa heshima ya mbuga ya Tsavo ya Kenya, ingawa mwanajiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza upande wetu wa Tanzania mwaka 1967. Kwa kawaida haitiwi mafuta, huwa safi ndani, na inameta kuliko zumaridi. Kubwa zake ni adimu na bei yake si ya mzaha. Wengine wanakubali. Wengine wanasema walitaka zumaridi tangu utotoni, na hapo sina la kubishana. Natengeneza ukuta wa dhahabu kulizunguka jiwe, mfupi, mgongo wazi ili mwanga upite. Dhahabu ya karati 21, ambayo wateja wenye ndugu Muscat wanaipenda, inanifaa kwa ukuta kwa sababu ni laini na inalala juu ya jiwe bila kulazimishwa. Makucha membamba nayapendelea katika karati 18.

Siku ya kupachika mawe mengine, pete naigandisha kwenye lakri iliyopashwa moto ili isitikisike. Kwa zumaridi sigusi lakri, natumia kibano cha mbao. Nachonga kiti cha jiwe kwa kichwa kidogo cha keekee, nalishusha jiwe, nalitoa, nachonga tena, mpaka likae bila kucheza na bila kubanwa popote. Zumaridi iliyokatwa mstatili huwa imepunguzwa pembe zake nne, na mkataji aliyefanya hivyo alikuwa ananifikiria mimi: pembe kali ndiyo inayokwenda kwanza. Kisha nasukuma kwa kifaa cha shaba, si cha chuma. Pembe moja kidogo, pembe ya mkabala kidogo, narudi ya kwanza. Redio nazima. Ufa ukitaka kutembea hutoa mlio mdogo mkavu, na ukiusikia mapema unaweza kuacha.

Kabla ya hayo yote tunaandikiana. Jiwe linapimwa mbele ya mwenyewe, uzito na milimita, linapigwa picha na nyufa zake, na nakala anabaki nayo. Dhahabu inaandikwa kwa gramu na karati, ujira peke yake, upotevu wa dhahabu peke yake. Mfano wa nta anauvaa kidoleni kabla hatujamimina chochote. Halafu linakuja swali ambalo masonara wengi hulikwepa: likivunjika, analipa nani? Jiwe nililochagua mimi, nalipa mimi. Jiwe aliloleta mteja likiwa na ufa unaofika kwenye ukingo, naandika wazi kwamba hatari ni yake, namwonyesha ufa wenyewe chini ya lenzi, kisha nampa siku mbili za kufikiri. Wapo wanaokasirika na kwenda duka la pili, ambako wanaambiwa haina shida. Baadhi yao hurudi na pete nzuri isiyo na dosari, kwa sababu bahati nayo ipo. Mimi masharti yangu hayabadiliki, na bei ya kazi hiyo inabaki juu ya bei ya kupachika almasi.