Tumbo la Mama, peasi za Ubelgiji na maembe ya Tanga

Mwenzenu nipo, mzima wa afya, ila zamu za usiku zimenibana wiki mbili hizi ndiyo maana mmeniona kimya. Leo sina zamu, nimekoroga chai yangu ya tangawizi, na nataka tuongee habari ya tumbo. Kaka zangu msicheke, hii inawahusu.

Mnajua kuwa Mama aliacha kabisa matunda tangu msimu wa maembe Desemba iliyopita. Kila akila, tumbo linajaa gesi, linanguruma, linamkata, na mwisho wake ni mbio za chooni. Kwenye kikundi chetu cha familia kila mtu ana lake: huyu anasema vidonda vya tumbo, yule anasema kalishwa kitu, mwingine anasema ni uzee tu. Mama mwenyewe akakata shauri, matunda basi! Mimi kilichoninyima usingizi ni hiki: Mama ana presha, na daktari wake alishamwambia apunguze chumvi, ale mboga na matunda. Sasa papai linaivia mtini nyuma ya jiko, linaliwa na ndege, na yeye yuko ndani anakula ugali na ng'onda wa chumvi! Ameniruhusu niyaandike haya, kwa sharti kwamba maneno ya "kalishwa" yaishe.

Nianze na ya kwangu. Hapa ninapoishi, Saint-Josse (wanaoongea Kiholanzi wanapaita Sint-Joost), ni manispaa ndogo kuliko zote Ubelgiji. Kilomita ya mraba 1 na kidogo tu, lakini tumebanana humo watu zaidi ya 26,000. Ukipita barabara ya chaussée de Haecht utakuta maduka ya Waturuki, wengi familia zao zimetoka Emirdağ, na matunda yamepangwa mpaka nje ya mlango. Wakati wa joto kuna cheri na aprikoti, baadaye tini na komamanga, na ikifika Septemba zinaingia peasi za hapa hapa Ubelgiji ziitwazo Conference. Ni ndugu wa zile peasi za Lushoto, ila ndefu na tamu sana. Wafaransa wanaiita poire. Siku nilipomwambia Mama kwenye simu kuwa "poire" inaniumiza tumbo, yeye akasikia pera. Akanijibu, "Wewe umekulia juu ya mpera, leo mapera yakuumize?" Tulicheka mpaka salio likakata, he he!

Lakini maumivu yalikuwa ya kweli. Nikila peasi mbili tatu baada ya zamu, ikipita saa moja hivi tumbo linakuwa ngoma. Wenyeji wana pia shira nyeusi ya kupaka kwenye mkate, sirop de Liège, inayopikwa kwa peasi na maepo mpaka inakuwa nzito kama lami. Hiyo nayo ilinipa shughuli. Ila machungwa, hata nikila matatu, kimya!

Daktari wangu akanituma kwenye kipimo cha pumzi. Unalala bila kula, asubuhi unakunywa maji yenye gramu 25 za sukari ya matunda, fruktosi, halafu unapuliza kwenye kichupa kila baada ya nusu saa, kwa muda wa saa tatu hivi. Wanapima gesi ya haidrojeni. Yangu ilipanda kweli kweli.

Maana yake ni hii. Fruktosi ina mlango wake maalum wa kupita kwenye utumbo mwembamba, na upana wa mlango huo si sawa kwa watu wote. Inayoshindwa kupita inateremka mpaka utumbo mpana. Huko inavuta maji, na bakteria wanaichachusha kama tembo la mnazi linavyochacha kwenye kibuyu. Ndiyo hiyo gesi, ndiyo hiyo ngurumo, ndiyo hiyo safari ya chooni. Sehemu ya gesi inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni, na ndiyo inayonaswa na kipimo. Peasi, maepo, cheri na plamu zina pia sukari nyingine, sorbitoli, ambayo utumbo unaifyonza polepole. Hiyo mtaikuta hata kwenye bigijii zisizo na sukari.

Sasa sikilizeni vizuri. Hii si sumu, wala haichubui tumbo. Ni suala la tunda gani na kiasi gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliochapisha hoja yao kuhusu sukari hizi mwaka 2005, wamepima vyakula vingi. Wakorofi kwa watu wa matumbo kama yetu ni embe, tikiti maji, epo na peasi. Ndizi iliyoiva mpaka ina madoa inasumbua kuliko ile ngumu ngumu. Zenye nafuu ni chungwa, papai na nanasi. Yaani machungwa ya Muheza yanaruhusiwa, Mama!

Na vidonda vya tumbo je? Vipo, na si vya kuchezea. Vingi vinaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye aliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobeli mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diklofenaki zikitumiwa ovyo. Kwa kawaida maumivu yake ni ya kuchoma, juu ya kitovu. Lakini gesi ya embe haiponi kwa omeprazole, na Mama alishanunuliwa omeprazole dukani mara tatu bila kupimwa. Ile "dozi ya vidonda" ina antibayotiki ndani yake. Ukiimeza bila sababu unawafundisha bakteria ukaidi, na siku utakayoihitaji kweli haitakusikia.

Basi hela ya mwezi ule tuliipeleka kwenye vipimo. Kwanza Mama aliacha omeprazole wiki mbili, maana inaweza kuficha bakteria, ndipo akapima choo. Hakuna kitu. Kwa umri wake wa miaka 61 daktari alitaka pia aangaliwe kwa mpira wenye kamera. Safi, alhamdulillahi. Halafu mjukuu wake akashika daftari wiki tatu: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, tumbo limesemaje. Jibu likajiandika lenyewe. Embe, tikiti na ndizi mbivu sana ndizo zinazomtesa. Papai na chungwa, hakuna neno. Embe anakula vipande viwili baada ya chakula, si matatu mazima kabla ya chakula kama zamani. Daftari la shilingi mia chache jamani!

Ila msije mkasema nesi kasema kila tumbo ni matunda. Mtu akipungua uzito bila sababu, akiona damu chooni au choo cheusi kama lami, akitapika mfululizo, akishindwa kumeza, akiwa na homa au maumivu yanayomwamsha usiku, hospitali siku hiyo hiyo. Tunda likiwasha mdomo na kuvimbisha midomo, huo ni mzio, habari nyingine kabisa. Koo likibana ni dharura.

Na mama wenye watoto wachanga: mtoto akianzishiwa matunda, asali au sukari akawa anatapika, anatoka jasho na kulegea kila akila, msimlazimishe. Kuna ugonjwa wa kurithi, ni nadra, ambapo ini linakosa kimeng'enya cha kuivunja fruktosi. Kasoro hiyo iligunduliwa hapa hapa Ubelgiji, Louvain, na Hers na Joassin mwaka 1961. Huyo haitaji daftari, anahitaji daktari, na fruktosi inamkalia mbali maisha yake yote.

Haya wapendwa, ngoja nikalale, kesho nina zamu ya asubuhi. Shangazi, la vidonda limeisha. Na mliopo nyumbani, chumeni hilo papai kabla ndege hawajaliwahi, mpelekeeni Mama. Nawapenda wote!