Mvua Ilipokuwa Mfagiaji wa Kisii

Enzi zile Nyamira ikiwa bado ndani ya wilaya ya Kisii, mama aliuza mboga soko la Daraja Mbili, na kila mnunuzi alikuja na chombo chake. Wimbi lilipimwa kwa gorogoro na kumiminwa kwenye kikapu cha mteja, mboga ya chinsaga ikafungwa kwa kamba ya mgomba, nyama ikaviringishwa kwenye gazeti la juzi. Hakuna aliyejisifu kwa hayo.

Majuala ya plastiki yalipoanza kuingia yalikuwa na heshima: yalifuliwa, yakaanikwa pamoja na nguo. Kufikia miaka ya tisini yakawa ya bure, membamba kiasi kwamba kilo mbili za sukari zilihitaji mkono wa kushikilia chini. Sisi watoto tulishona nayo mipira. Mengine yalibaki pale pale yalipoanguka.

Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Ikishapita, soko lilikuwa safi, na akina mama waliisifu kuliko wafagiaji wa baraza. Taka zilikuwa zimeteremka mitaroni hadi mto Nyakomisaro. Nyakomisaro huingia Riana, Riana huingia Gucha, na Gucha hufika Ziwa Viktoria upande wa Nyatike. Sehemu ya maji ya Nyamira hufuata mto Sondu hadi ziwa lile lile, ambalo lina mlango mmoja tu wa kutokea: Nile, hadi bahari ya Mediterania. Mwalimu wa jiografia alituchorea njia hiyo ubaoni. Hakuna aliyeuliza maji yanabeba nini. Si kwamba kila juala lilifika Misri. Mengi yalinasa kwenye matete na kuchanikachanika huko njiani, na vipande vidogo ndivyo visivyookoteka.

Nilichokiona kwa macho ni ng'ombe wa jirani. Mashamba yetu ni madogo, kwa hiyo ng'ombe wengi hulishwa zizini, na maganda ya ndizi na majani ya kabichi yalizolewa sokoni kwa magunia. Yule wa jirani alikonda huku tumbo likizidi kujaa. Dawa ya minyoo haikusaidia, wakaamua achinjwe. Mchinjaji alipasua tumbo, akavuta, akavuta tena: majuala yaliyosokotana na nyuzi za magunia, donge jeusi linalonuka, mistari ya buluu ikionekana bado kwenye moja.

“Omong'ina, hii hakuila siku moja,” alimwambia mwenye ng'ombe.

Serikali ya Kenya ilitangaza kuzuia majuala mwaka 2007, ikarudia 2011. Sokoni hatukuona tofauti. Basi Waziri wa Mazingira Judi Wakhungu alipotoa tangazo Februari 2017, tulicheka. Kicheko kilikatika tarehe 28 Agosti, marufuku ilipoanza kutekelezwa: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Muuza sukuma angezitoa wapi? Naona adhabu ile ilikuwa kali mno kwa mtu mdogo, lakini ilimbana pia mwenye kiwanda, na hapo ndipo matangazo ya awali yalipokuwa yamekwama.

Mtoni majuala yamepungua sana, hilo nalishuhudia. Chupa za soda na maji marufuku ile haikuzigusa. Vijana huziokota na kuziuza kwa kilo, zile wanazoziwahi kabla ya mvua.